Nyuzi 20 zilizoyeyuka hadi 5: nilivyokipima kipozaji cha maji

Usiku ule nilipomaliza kufunga kipozaji cha maji niliwasha kompyuta, nikaitwika prosesa, ule ubongo wa kompyuta kinaoupoza, kazi nzito kwa dakika tatu, nikasoma joto la nyuzi 64. Kipozaji changu cha zamani, kile cha feni na mapezi ya alumini, kilikuwa kinafika 84. Nyuzi 20! Nikalala nimeridhika.

Kulipokucha nikaanza kujishuku. Kipimo cha zamani nilikichukua mchana, chumba kikiwa na nyuzi 29. Hiki kipya usiku, chumba kikiwa na 24. Kumbe nyuzi 5 nzima nilizawadiwa na usiku. Tangu hapo natoa kwanza joto la chumba, kinachobaki ndicho ninachokiandika.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Maji hayapati moto upesi. Dakika za mwanzo joto linamezwa na maji yenyewe, rejeta, ile sehemu yenye feni inayoyapoza maji, haijaanza hata kutoka jasho, kwa hiyo jaribio fupi linakipendelea kipozaji cha maji bila wewe kujua. Nikarudia, safari hii dakika 30, umeme wa prosesa nikiufunga kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) usizidi wati 150 kama nilivyofanya na kile cha zamani. (Ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, ukiuacha bila kikomo, mara nyingi prosesa hunywa umeme itakavyo, na kulinganisha kunakufa hapo hapo.) Namba ikapanda polepole: 64, 67, 70, ikatulia 71. Ukitoa 24 unabaki na 47. Cha zamani, 84 kutoa 29, ni 55. Tofauti ya kweli: nyuzi 8.

Na hizo 8 nilizilipia kwa kelele. Feni zake mbili za milimita 120 zilikuwa zinavuma kwa mizunguko 1800 kwa dakika. Nikazishusha hadi sikio likaniambia sasa zimelingana na ile ya zamani, kama mizunguko 1100 hivi. Zikabaki nyuzi 5.

Kulikuwa pia na mgugumio, kama mtu anayesukutua mdomo. Huo niliusababisha mwenyewe: rejeta niliifunga mbele, chini sana, pampu ikawa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Hewa kidogo iliyomo ndani hukimbilia juu, na pampu haipendi kumeza hewa. Nilipoihamishia rejeta kwenye paa la kasha, kimya.

Kwa nyuzi 5 peke yake nisingekinunua. Nimekibakiza kwa sababu nyingine kabisa: kina kihisi cha joto la maji, na kasi ya feni nimeifunga kwenye joto hilo badala ya lile la prosesa. Nikifungua programu nzito prosesa inaruka nyuzi 15 kwa sekunde mbili, lakini maji hayana habari, na feni nazo hazina habari. Kile cha zamani kilikuwa kinanguruma kila nikifungua kivinjari.