Hesabu ya Tatu

Nilibonyeza kitufe cha sauti mara nne, mara tano, nikidhani kompyuta imeharibika. Picha ilikuwa inakwenda vizuri. Mwamuzi alikuwa ameshapiga kiganja chake chini mara ya tatu, hesabu ya kushindwa kwa aliyebanwa mabega chini, mwanamieleka Brock Lesnar ameshajiondoa juu ya mwili wa mwenzake, na Undertaker yuko chali katikati ya ulingo, kifua kinapanda na kushuka, macho juu kwenye paa la Superdome. Lakini sauti hakuna. Hakuna muziki wa mshindi, hakuna shangwe, hata watangazaji walikuwa wamenyamaza. Nikabonyeza tena. Mdogo wangu akanishika mkono, akasema taratibu, "Dada, acha. Sauti ipo."

Ilikuwepo kweli. Watu ndio waliokuwa kimya, ukumbi mzima, na idadi yao iliyotangazwa usiku ule ni 75,167.

Hiyo ilikuwa WrestleMania ya 30, onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, New Orleans, tarehe 6 Aprili 2014. Kule ilikuwa Jumapili jioni. Sisi tulikuwa tumeshaingia Jumatatu, alfajiri inakaribia, tumekaa sakafuni na shuka moja mabegani, sauti tumeibana ili baba asiamke. Mdogo wangu alikuwa ameshakuwa kijana mwenye ndevu zake, na mimi nilikuwa na kazi ya kwenda asubuhi. Hatukujali. Kila mwaka tulikesha usiku huo mmoja, na tulikesha kwa sababu ya mtu mmoja.

Mieleka tuliirithi kwa baba. Yeye ndiye aliyekuwa akileta kanda za video nyumbani tukiwa wadogo, na humo ndimo tulimokutana na yule mtu mrefu wa koti jeusi na kofia pana, anayetembea polepole kama anayesindikiza maiti. Kengele ya muziki wake ikilia, mdogo wangu alijificha nyuma ya kiti, kisha akachungulia kwa jicho moja. Nilipofika umri wa kujiona najua mambo, nikamwambia kwamba yote yale hupangwa: nani ashinde, nani aanguke, hata nani amtukane nani. Nilitarajia alie. Alifikiri kidogo, akajibu, "Lakini wanaanguka kweli."

Nikaliona kuwa neno la mtoto.

Tangu hapo tukawa tunatazama kitu kimoja kwa njia mbili. Mimi nilitazama kama msomaji wa hadithi: huyu anatayarishwa, huyu leo atashindwa ili mwezi ujao alipize kisasi, huyu hawezi kupewa mkanda wa ubingwa sasa hivi. Mara nyingi nilipatia, na nilijivuna sana. Yeye alitazama miili. Alijua nani goti lake la kushoto limeshakufa, nani akirushwa hukunja shingo vibaya, nani leo anahema mapema kuliko kawaida yake. Tukibishana, mimi nilikuwa naongelea wiki zijazo na yeye anaongelea bega la mtu.

Kwa mtu anayetazama kama mimi, hakuna kitu duniani kilichokuwa salama kama rekodi ya Undertaker ya WrestleMania. Ilianza 1991 huko Los Angeles, alipomshinda Jimmy Snuka, na wakati huo hakuna aliyekuwa anahesabu. Wakafuata akina Jake Roberts, King Kong Bundy, Diesel, Kane ambaye hadithi ilimfanya ndugu yake, Ric Flair, Batista, Edge. Shawn Michaels alishindwa mara mbili, na ile ya pili, 2010, ikawa ndio mwisho wake ulingoni kwa miaka mingi. Triple H mara tatu. CM Punk mwaka 2013. Undertaker alizikosa WrestleMania mbili tu katika muda wote huo, ya 1994 na ya 2000, na kwa hiyo alipofika New Orleans alikuwa na ushindi 21, bila kushindwa hata mara moja.

Rekodi ya mkimbiaji inaweza kuondoka na mvua au mafua. Bingwa wa ngumi anaweza kukutana na konde moja la bahati. Hii ya Undertaker haikuwa na hatari hiyo. Ili ivunjike, ilibidi watu wakae mezani, waongee, mmoja wao aseme "tuivunje", na wengine wakubali. Na kwa nini wakubali? Watu walikuwa wananunua tiketi kuja kuiona inaongezeka. Ilikuwa na thamani kuliko mkanda wowote. Basi mimi nilikwenda kwenye pambano lile nikiwa na amani kabisa, kwa sababu ileile iliyowafanya wengine waidharau mieleka. Imepangwa. Nani angepanga hivyo?

Usiku wenyewe ulianza vizuri mno. Hulk Hogan, Stone Cold Steve Austin na The Rock walisimama pamoja ulingoni, tukawa tunapigana viwiko kwa furaha. Daniel Bryan akamshinda Triple H katika pambano ambalo ningelitazama tena kesho yake. Cesaro akambeba Big Show mzima mzima akamtupa nje juu ya kamba ya juu, akatwaa ushindi wa vurugu ya watu zaidi ya thelathini. Bray Wyatt na John Cena sikumbuki sana. Nilikuwa jikoni nachemsha maji.

Kisha taa zikazimwa, kengele ikalia.

Njia ya kuingilia ilikuwa imepangwa majeneza yenye majina ya wote aliowahi kuwashinda. Alipita katikati yao. Nywele ndefu za zamani alishazikata, na uso wake kwa karibu ulikuwa uso wa mtu wa miaka 49, kwa maana ndiyo aliyokuwa nayo. Lesnar alikuwa na 36, amewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, ambako mapigano hayapangwi, shingo yake na mabega ni kitu kimoja.

Hawajafika hata robo ya pambano, mdogo wangu akasema, "Dada, mzee leo si mzima."

"Anaigiza," nikamwambia. "Ndiyo kazi yake hiyo. Anakufa, halafu anaketi kitako."

"Mtazame anavyoinuka."

Sikutazama anavyoinuka. Nilikuwa natazama mpangilio. Lesnar akampiga F5, ile ya kumbeba mtu mabegani, kumzungusha na kumbwaga kifudifudi. Undertaker akanyanyua bega kabla ya tatu. F5 ya pili, bega tena. Vizuri. Undertaker akampiga Tombstone, ile ya kumgeuza mtu kichwa chini na kumpigiliza kama nguzo. Lesnar akanyanyua bega. Vizuri pia, lazima adui aonekane mgumu. F5 ya pili, bega tena. Nikatabasamu gizani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sasa ingekuja Tombstone ya mwisho na mambo yangekwisha.

Na ikaja. Undertaker alimnyanyua Lesnar, akawa anamgeuza, Lesnar akaponyoka, akamdaka mabegani, akazunguka naye. F5 ya tatu. Moja. Mbili. Nilikuwa nimeshaanza kuitoa pumzi, nasubiri bega.

Halafu ule ukimya, na mimi nabonyeza kitufe.

Kamera ilianza kupita kwenye nyuso za watu. Kuna waliofunika midomo. Kuna waliobaki mikono kichwani. Paul Heyman, aliyekuwa upande wa Lesnar, alikuwa ameachama macho yamemtoka, kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa. Kisha kwenye kioo kikubwa zikatokea namba: 21-1. Moja ile iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwenye mchezo. Najua inavyosikika kwa asiyependa mieleka. Lakini miaka 23 ya mtu ni miaka 23, na yangu ilikuwa humo pia, tangu ya kanda za video.

Hapo ndipo muziki wa Lesnar ulipopigwa, na mimi nilikuwa nimeshapandisha sauti hadi mwisho.

Nyumba nzima ilitetemeka. Mdogo wangu aliirukia kompyuta, akakosa kitufe, akakipata. Tulipogeuka baba alikuwa mlangoni.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Kuna nini?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu. "Undertaker ameshindwa."

Baba alinyamaza. "Yule wa jeneza?"

"Huyo huyo."

Nilingoja tufokewe. Badala yake alivuta kiti akaketi nyuma yetu, akainama karibu na kioo. Undertaker alikuwa ameanza kuinuka. Ilimchukua muda mrefu. Watu ukumbini walisimama wakampigia makofi, na yeye akaondoka peke yake, hatua kwa hatua, akiipanda njia ile ndefu. Baba alikuwa hajamwona tangu kanda zile. "Amezeeka," akasema. Kisha akauliza ana miaka mingapi, nikamwambia. Hakusema zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amempita kidogo tu.

Hatukutaka kuendelea kutazama, lakini baba hakusimama, basi tukabaki. Na hapa nasema wazi: Daniel Bryan alituokoa usiku ule. Mpango wa awali wa pambano la mwisho ulikuwa Randy Orton na Batista. Watu ndio walioukataa. Januari ile Batista aliposhinda Royal Rumble, pambano la wengi ambalo mshindi wake hupata nafasi ya kugombea ubingwa WrestleMania, watu walimzomea kwa sababu Bryan hakuwemo, na wakaendelea kuzomea na kuimba jina la Bryan wiki hadi wiki, mpaka waandishi wakampa nafasi. Tuliona wanamvunjia meza, wanamlaza kwenye machela, anatolewa, na anashuka kwenye machela kurudi ulingoni. Batista alipopigapiga mkono kusalimu amri, Bryan akawa na mkanda, na watu walewale waliokuwa kimya kama makaburi wakanyoosha vidole juu wakipiga kelele za "Yes!" hadi karatasi za rangi zikaanza kudondoka. Baba aliuliza huyu mfupi mwenye ndevu ni nani. Mdogo wangu alimweleza yote, kwa kirefu, na mimi nilikuwa nalia bila kujua nalilia kipi.

Nilikwenda kazini bila kulala. Mchana habari zikaanza kuenea: Undertaker alipelekwa hospitali usiku uleule. Alikuwa ameumia kichwa, mtikisiko wa ubongo, katikati ya pambano. Baadaye ikajulikana kwamba Vince McMahon, mwenye kampuni, aliacha onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka kabla halijaisha akamfuata huko. Miaka kadhaa mbele Undertaker mwenyewe alieleza kwamba uamuzi wa matokeo ulikuwa wa Vince, na kwamba yeye pambano lile halikumbuki. Watu wengine wote tunalikumbuka. Yeye hapana.

Nilisoma habari zile za kwanza nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisini, nikampigia simu mdogo wangu. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa ameona. Kabla ya watangazaji, kabla yangu mimi niliyejifanya mjuzi, yeye aliuona mwili wa yule mzee ukikataa. Nilianza, nikakwama. Akasema, "Nilikwambia wanaanguka kweli, dada," bila majivuno yoyote, kama mtu anayenikumbusha kitu nilichosahau dukani.

Nimelitazama pambano lile tena mara nyingi, na sasa nalitazama bila sauti. Nikishaondoa sauti hadithi inatoka, wanabaki wanaume wawili. Naona mkono unaotafuta kamba. Naona Undertaker anavyobaki chini kidogo zaidi ya inavyohitajika, mara moja, mara mbili, na magoti yake yanavyokunjuka kwa zamu. Vyote hivyo vilikuwepo mbele ya macho yangu usiku ule.

Jioni ile ya Jumatatu tulikula bila mazungumzo mengi. Baba alikuwa amewahi kurudi. Hakuwa mtu wa kuuliza habari za mieleka. Tangu kanda zile ziishe alikuwa ametuachia sisi. Lakini alipomaliza kunawa mikono alimgeukia mdogo wangu.

"Yule wa jeneza wamemruhusu hospitali?"

Mdogo wangu akachukua simu, akasoma kwanza kimya kimya, kidole kinateremka kwenye kioo.

"Wamemruhusu, baba."

"Afadhali," baba akasema, akaenda kulala.