Chuma cha shingo ya besi: thredi mpya bila kung'oa ubao wa freti

Chuma cha ndani ya shingo ya gitaa la besi, kile kinachoizuia isipindwe na nyuzi, kimekaza tena, na nyuzi zote nne zimevutwa hadi kwenye sauti zake bila shingo kujikunja. Ninaandika mikono ikiwa bado na mafuta, kwa sababu kilichonisumbua kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kucha, nami ningependa anayekutana nacho kesho asianze kukibuni upya.

Gitaa ni la kwaya moja ya hapa Tabora, nakala ya besi ya Fender iitwayo Precision iliyotengenezwa Asia, lenye uzi wa inchi 34 na chuma cha njia moja (kinachoivuta shingo upande mmoja tu) chenye unene wa milimita 5, ambacho nati yake hukazwa kutokea kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili. Fundi aliyelishika kabla yangu aliikuta nati imeganda kwa kutu, akaongeza nguvu badala ya mafuta, na chuma kikakatika sawasawa na mbao, thredi zote zikabaki ndani ya nati. Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, kwa hiyo shingo iliyopoteza chuma chake haina subira: lilipofika kwangu, uzi wa E ulikuwa umepaa milimita 5 juu ya freti ya 12, na mpigaji alikuwa anabonyeza kama anayefunga mzigo wa tumbaku.

Wengi wangeshauri kupasha moto ubao wa freti kwa pasi, kuuinua kwa kisu chembamba na kuweka chuma kipya. Kazi hiyo ninaifahamu na siipendi. Ubao ukipata joto lisilo sawa hurudi ukiwa umejikunja, alama za pembeni huyeyuka, na baada ya kugundisha unalazimika kusawazisha freti zote upya hata kama zilikuwa nzima. Chuma chenyewe hakikuwa na kosa lolote isipokuwa ncha yake, na mimi sioni sababu ya kumpasua mgonjwa tumbo kwa jino lililooza. Vifaa maalumu vya kukata thredi mpya chuma kikiwa mahali pake vinauzwa Marekani, lakini bei pamoja na usafirishaji ingetosha kununua gitaa jingine la aina hii.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Dai, yaani kifaa cha kukatia thredi za nje, ya kawaida ya M5 (thredi ya milimita 5) ina kipenyo cha milimita 20, na hakuna njia ya kuiingiza kwenye tundu la kisigino bila kuharibu shingo. Nilimwomba fundi wa kukereza anitengenezee kikatio cha mbao: kipande cha chuma cha milimita 12, kilichotobolewa katikati kwa milimita 5.2, nami nikakichonga meno usoni kwa tupa ya pembe tatu. Nilifukua kwanza mbao kidogo kwa patasi nyembamba ili ncha ya chuma ijitokeze, kisha kikatio kikaivaa ncha hiyo na kuifuata chenyewe. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa chuma cha njia moja hulala kwenye mfereji uliopinda, na kinapofika kisigino kinatoka kwa mshazari. Ukitoboa kwa kufuata uso wa shingo, washa itakaa upande na nati itakula thredi mpya mapema. Nilishuka hadi milimita 15 za chuma zikawa wazi.

Badala ya dai nilichukua nati ngumu ya M5, yenye alama ya 10 inayoonyesha uimara wake, nikaipitishia tupa ndogo ndani na kuchora mifereji mitatu inayokatiza thredi. Nati ya M5 huingia kwenye spana boksi namba 8, na nilipoinoa spana hiyo kwa nje ikapita kwenye tundu bila kugusa mbao. Kwa maandishi inapendeza. Kwa vitendo nati ilizunguka juu ya ncha ya chuma bila kuuma, au iliuma upande mmoja na kulala, hata nikaanza kuishuku ile alama ya 10. Nilibadilisha nati, nilibadilisha mafuta, niliichonga upya ncha ya chuma, na hali ikabaki ileile. Mwalimu wa kwaya alipita katikati ya hali hiyo akauliza, "Fundi, Jumapili tunalo?" Nikamjibu, "Mwalimu, Jumapili imbeni na kinanda."

Kasoro ilikuwa kwenye mdomo wa nati. Dai ya dukani hufunguliwa mdomoni, thredi zake za mwanzo zikiwa fupi ili zianze kukwaruza taratibu, ilhali nati huanza na thredi kamili tangu mzunguko wa kwanza na kutaka kumeza chuma kwa mara moja. Nilizipunguza thredi tatu za mwanzo kwa jiwe la kunolea lililochongoka, zikawa mteremko, na nati ikauma papo hapo. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kutulia: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, kupuliza vinyweleo vya chuma, kurudia. Kutulia huko si madoido, kwani upande wa pili chuma kimeshikwa na pini tu, na ukikisokota kwa pupa utakivunja mahali ambapo hakuna patasi itakayofika.

Nati mpya ni ya shaba, ndefu, ya mviringo, yenye mkato wa bisibisi, na chini yake ipo washa ya chuma yenye unene wa milimita 3. Shaba haigandi kwa kutu juu ya chuma, na siku nguvu zikizidi itakufa thredi ya nati, ambayo ni rahisi, badala ya ile ya chuma. Kabla ya kukaza niliifunga shingo juu ya ubao mnene kwa klemu na kuivuta nyuma kidogo kupita ulalo wake, ndipo nati ikafuata. Ninaamini nati haikuumbwa kunyoosha shingo. Klemu inyooshe, nati ishikilie.

Kwa kupima nilitumia filageji (vibati vya kupimia nafasi ndogo) ya fundi pikipiki jirani, ileile anayorekebishia valvu: uzi ukibonyezwa freti ya 1 na ya mwisho, freti ya 8 ina nafasi ya milimita 0.35, na uzi wa E sasa uko milimita 2.5 juu ya freti ya 12. Nilikuwa nimekusudia baada ya hapo kulainisha freti na kubadilisha jeki inayokwaruza, lakini katika kuchagua ubao wa kufungia klemu niliokota kipande cha mninga kilichokauka vizuri, kirefu kuliko shingo ya besi na kisicho na fundo hata moja. Mninga ni mbao isiyosinyaa ovyo, sifa ambayo katika mji unaopata mvua tangu Novemba hadi Aprili na kukauka miezi iliyobaki inamfaa kila anayetengeneza shingo. Tayari nimekipiga randa upande mmoja na kuchora mstari wa mfereji, wa kunyooka safari hii, kwa ajili ya chuma cha njia mbili. Jeki ya kwaya itasubiri.