Dawa Iliyokauka Ndani ya Tairi

Ijumaa, 7 Mei 2021

Jioni hii nimefungua tairi la nyuma na kulikagua ndani kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Baiskeli yangu haitumii tubu; ndani ya tairi unatia dawa nyeupe kama maziwa, mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia tundu na kuliziba kabla hujajua umetobolewa. Ndivyo inavyotakiwa. Nilichokikuta leo ni utando mkavu uliobandika tairini kama uji uliosahaulika sufuriani, na vibonge viwili vya mpira, kila kimoja kama gololi. Nimelitikisa gurudumu nikavisikia vikibingirika.

"Dada, hii dawa ni ya miezi mitatu, minne," fundi aliniambia nilipompigia. "Wewe umeiweka lini?"

Machi 2020. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu.

Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mashindano yangu ya kwanza marefu, kilomita 120 za vumbi na mawe huko Bonde la Ufa, yaliyopangwa Aprili ile. Nilishalipa ada. Nilishanunua zile pakiti za sukari nzito za kunyonya njiani, bei yake ya kukufanya ukae chini. Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 13 Machi. Nilikuwa kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi, waziri wa afya akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kabla ya saa ya kufunga hatukuwa na hata chupa moja ya dawa ya kutakasa mikono. Usiku nikasoma kwenye simu kwamba Cape Epic, mashindano ya baiskeli ya Afrika Kusini, imefutwa. Ilibaki siku mbili tu ianze. Watu walikuwa wameshafika Cape Town na baiskeli zao kwenye maboksi. Niliwaonea huruma kama mtu anayepita karibu na matanga ya jirani. Sikujua msiba ni wetu sote.

Yetu yakaahirishwa hadi Novemba. Novemba yakasogezwa hadi Aprili mwaka huu. Tarehe 26 Machi rais akafunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na waandaaji wakatuma ujumbe ule ule, nadhani walibadilisha tarehe tu. Ada yangu imehamishwa "hadi msimu ujao". Msimu upi, hawakusema. Sitawataja, na wala siwalaumu sana. Hata Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa mwaka mzima, seuze wao wenye hema tatu na spika moja. Lakini hela yangu naikumbuka.

Kinachoniuma nikiwaza leo, mikono ikinuka mpira, ni nilivyofanya mimi kila ujumbe ulipofika. Niliacha kuendesha. Mara ya kwanza wiki tano, mara ya pili karibu miezi miwili. Nilikuwa na ratiba nzuri ukutani, siku za mwendo mrefu kwa kalamu nyekundu, siku za kupumzika kwa kijani, na chini kabisa tarehe ya mashindano imezungushiwa duara. Duara lilipofutwa, na ratiba ikafa. Kwa muda nilijaribu kuendesha juu ya paa la nyumba tunayopanga, baiskeli imefungwa kwenye kifaa cha chuma, gurudumu linazunguka hapo hapo, watoto wa jirani wamekaa wakinitazama kama sinema. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu zilikuwa na ukingo wa kweli, ghorofa nne kwenda chini. Baada ya wiki mbili nikakiuza kile kifaa.

Shemeji yangu, mume wa dada, hajawahi kushiriki mashindano yoyote. Anaendesha kutoka Rongai hadi Industrial Area kazini na kurudi, masika na kiangazi, kwa baiskeli ya mtumba ambayo foku yake ya mbele haijui tena kubonyea. Mwaka mzima wa kafyu aliendelea kama kawaida, alichobadilisha ni saa za kutoka. Nilipomwambia ya Aprili pia yameahirishwa, alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Kwani vilima vya Ngong navyo vimeahirishwa?"

Nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Kwa hiyo mwezi huu nimekaa na daftari nichague upya, na safari hii nimebadilisha swali la kwanza. Zamani nilianza na: mashindano gani yana sifa? Sasa naanza na: yakifutwa, nitabaki na nini?

Kwa swali hilo, Leadville imetoka mapema. Hii ndiyo ndoto ya kila mwenye baiskeli ya milimani anayeangalia video usiku: maili 100 huko Colorado, Marekani, mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 3,000, na njia inapanda hadi karibu 3,800. Una saa 12. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti: kilomita 160 kwa saa 12 ni wastani wa kilomita 13 na ushei kwa saa, ukijumlisha kusimama, kula na kukojoa. Ukiisema haraka inaonekana mchezo. Jumamosi iliyopita nilikuwa na wastani wa 11, nikiwa nusu ya mwinuko huo. Tena nafasi zenyewe wengi huzipata kwa bahati nasibu. Yakifutwa nitabaki na nini? Viza, ikiwa nimeipata, na deni la nauli.

Cape Epic imerudi na tarehe mpya, Oktoba badala ya Machi. Siku nane, zaidi ya kilomita 600, na unaendesha ukiwa timu ya watu wawili. Hapo ndipo penye utamu na penye sumu. Kanuni inasema wenzi wasiachane zaidi ya dakika mbili. Mmoja akichoka, nyote mmechoka. Nimejiuliza ni nani ningeweza kumtazama mgongo siku nane bila kugombana, nikampata mmoja, na huyo hana pasipoti. Ada ya timu moja ungenunua pikipiki mpya ya boda boda na chenji ikabaki. Nimefunga ukurasa.

Iliyonisumbua kweli ni ya hapa nyumbani. Mwezi ujao kuna mashindano mapya, Migration Gravel Race, siku nne na takriban kilomita 650 kupita Maasai Mara. Yanawaleta wanariadha wakubwa wa Ulaya na Marekani washindane na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda kwenye vumbi letu wenyewe, na hilo peke yake linanisisimua. Kila mara tumezoea kusikia kijana wetu amekosa viza. Safari hii wanaofunga mizigo ni wao. Nikaandika jina, nikalifuta, nikaliandika tena. Mwishowe nikajisemea ukweli: kilomita 160 kwa siku, siku nne mfululizo, na mimi sijaendesha siku mbili mfululizo tangu Februari. Kwenda ningekwenda kwa picha. Labda mwakani.

Nimechagua mashindano ya 10to4 ya Mlima Kenya, ambayo kwa kawaida huwa Februari. Unaanzia juu msituni kwenye baridi ya kukaza vidole, unateremka hadi kwenye nyanda kavu, na fedha zinakwenda kwa Mount Kenya Trust kulinda msitu huo huo. Wapo watakaosema ni mteremko tu. Waje wateremke kwa muda wa saa nne mikono imekamata breki, halafu tuongee. Na swali langu lina jibu: yakifutwa, napanda matatu hadi Nanyuki, baiskeli juu ya keria, nanunua ndizi stendi, na mlima upo pale pale. Shemeji amekubali kuja iwe kuna mashindano au hakuna. Hata hakuuliza tarehe.

Katikati nimeweka tarehe yangu mwenyewe, wikendi ya karibu na Mashujaa mwezi Oktoba: Kiserian hadi Ziwa Magadi, kulala, kurudi. Haina ada, namba wala medali.

Maandalizi yenyewe nimeyapunguza hadi yaingie kwenye maisha ya mtu anayesimama kaunta saa tisa kwa siku. Jumanne na Alhamisi alfajiri, mwendo wa saa moja na nusu kila siku, vilima vya Ngong, kupanda kwa nguvu na kushuka kwa akili. Jumamosi mwendo mrefu. Jumapili mwendo mfupi wa miguu iliyochoka, baada ya ibada, na hii ndiyo niliyokuwa nairuka miaka yote. Mashindano ya siku nyingi hayaulizi una nguvu kiasi gani siku ya kwanza. Yanakuuliza asubuhi ya pili, unapokalia kiti na mwili mzima unakwambia shuka.

Chakula nimerudia cha nyumbani. Zile pakiti za bei mbaya nimezikuta kabatini, tarehe zake zimepita mwezi wa pili. Wataalamu wanasema mwili ukifanya kazi ya saa nyingi unahitaji gramu 60 hivi za wanga kila saa, na zaidi ukiuzoesha. Ndizi moja ya kawaida ina kama 25. Kwa hiyo ndizi mbili na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, chumvi kidogo juu, kila saa, njaa iwe imekuja au haijaja. Shida ni kwamba ndizi mfukoni mwa mgongo, kwenye jua la Magadi, baada ya saa mbili inakuwa kitu kingine. Viazi vinavumilia. Nduma pia, ila inataka maji mengi na mate ya kutosha.

Jumamosi iliyopita, siku ile ile rais alipofungua kaunti, tulitoka Kiserian na shemeji, tukapita Corner Baridi jua halijachomoza vizuri, tukaanza kuteremka. Ile barabara ya Magadi inakushusha na joto linapanda, kila kilomita chache unafungua kifungo kimoja. Kila tulipoweza tuliiacha lami tukafuata njia za mbuzi pembeni. Karibu na Olorgesailie nikasikia ffff, ffff, ffff, gurudumu likizunguka. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole changu cha shahada, umeingia wima. Nikasimama nikingoja dawa ifanye kazi yake. Nikalizungusha tundu liwe chini, kama fundi alivyonifundisha. Nikangoja. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi akaja akasimama nasi, akatazama, akasema bila haraka, "Hiyo imekufa."

Tubu ya akiba niliyobeba ilikuwa imekaa mfukoni mwa baiskeli tangu mwaka jana pia, na ilipokunjwa palikuwa pamepasuka. Shemeji akanipa yake. Akasukuma pampu akiwa amepiga magoti kwenye changarawe, hakusema lolote, na kimya chake kilinielemea kuliko angenisema. Kijana akachomoa miba mingine minne kwenye tairi kwa ncha ya kisu chake, akaipanga juu ya jiwe kama mtu anayenipa hesabu yangu.

Kurudi juu ni kupanda karibu mita 1,000. Maji yaliniishia kabla ya Olepolos. Ndipo nilipoona wastani wangu ni 11, nikamkumbuka yule mimi wa Machi 2020 aliyekuwa tayari, tairi zimejaa, miguu imeiva, akangoja ruhusa.

Leo nimekwangua utando wote kwa kucha na kijiko kikuukuu, imenichukua karibu saa nzima. Nimefuta ukingo wa rimu, nimerudisha tairi, nimetia mililita 100 za dawa mpya kupitia vali, nimejaza upepo hadi likagonga mara mbili na kukaa kwenye rimu. Nimelizungusha hewani na kulilaza ubavu huu, halafu ule. Kwenye kifuniko cha chupa ya dawa nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: MEI 2021, ANGALIA AGOSTI. Ratiba ya ukutani nimeiondoa na mahali pake nimebandika hivyo hivyo, mwezi wa kukagua dawa, mwezi wa kubadilisha cheni, siku ya mama kuletewa unga wa wimbi. Kijijini kwetu ni kilomita 94 kutoka hapa, na sasa njia iko wazi. Sijui kwa nini sijawahi kwenda kwa baiskeli.

Simu imelia sasa hivi. Ni shemeji: "Kesho saa kumi na moja, pale petroli ya Kiserian. Kuja na tubu yako."

Nimezifunga mbili.