Kipoyi cha Cimpunda: jinsi ninavyojiandaa kumshusha bibi yangu mlimani siku ya kujifungua

Gari haifiki nyumbani kwetu. Tunakaa Cimpunda, komine ya Kadutu, upande ule wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako nyumba zimepandana mlimani na njia ni ngazi za udongo, mawe na mifuko ya mchanga. Hata motari wa pikipiki anaishia chini barabarani. Mvua zetu zinaanza Septemba na kwenda hadi Mei, na mtoto wetu wa kwanza tunamtarajia katikati ya mvua hizo.

Muuguzi wa CPN, yaani kliniki ya wajawazito, ndiye aliyeniamsha. Nimekuwa nikimsindikiza bibi yangu tangu mimba ikiwa changa. Walitupima damu sote wawili, wakampa vidonge vya chuma na asidi foliki, dawa ya kuzuia malaria, chanjo ya pepopunda na chandarua. Siku moja muuguzi alipomaliza kuandika kwenye fishi, kadi ya kliniki, alinigeukia mimi.

"Baba, uchungu ukimshika saa nane ya usiku, mtapita wapi?"

Nikamwambia tutashuka.

"Kwa miguu ya nani?"

Mimi ni seremala. Nilirudi karakanani nikiwa na swali lile kichwani, na kabla ya jioni nilikuwa nimeshaanza kuchora kipoyi, machela ya kubebwa mabegani.

Wazee wote wa huku wanakijua kipoyi. Vijijini ndicho kinachomtoa mgonjwa mlimani, watu wanne mabegani. Lakini kile cha kijijini mgonjwa analala chali, na mama mwenye mimba kubwa hafai kulazwa chali: tumbo linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, anaweza hata kuzimia. Tena ngazi zetu zina kona ambazo machela ndefu haipiti. Kwa hiyo nikatengeneza kiti. Miti miwili ya karatusi iliyokauka vizuri, kiti katikati chenye mgongo uliolala kidogo, pahali pa kukanyagia, na vishikio viwili imara, maana mama mwenye uchungu anahitaji kitu cha kukamata kwa nguvu zote.

Kila aliyepita karakanani alinishauri mama aelekee mbele ili aone njia. Nilikataa, na bado nasimama hapo. Mkiwa mnashuka, akielekea mbele kila ngazi inamsukuma atoke kitini. Akielekea mlimani, mteremko wenyewe unamlaza kwenye mgongo wa kiti. Wabebaji warefu wanakwenda mbele, ambako ni chini, na wanaweka miti mabegani. Wafupi wanakaa nyuma, na penye ngazi kali wanaishusha miti hadi mikononi ili kiti kibaki sawa. Kikwembe kimoja kinafungwa kifuani juu ya tumbo, kingine mapajani. Tumboni hakuna kitu kinachopita. Bibi yangu alipokikalia mara ya kwanza alitaka mgongo uwe na sponji, nikaweka.

Kabla ya kumbeba yeye tulibeba mfuko wa saruji wa kilo 50 na bidoni ya maji ya lita 20, vimefungwa pamoja kitini. Hapo ndipo tulipojua kona zinazohitaji mtu wa tano wa kushika mti kwa nje, na ngazi ambayo lazima wote wasimame kwanza ndipo mmoja ahesabu na kusema "shuka".

Watu wa kubeba sikuwatafuta kwa simu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba jioni, nikakaa, nikaeleza. Wanaume wengi wa avenyu yetu wana bibi wenye mimba au watakaokuwa nayo, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza atapata nini. Nilimjulisha pia shefu wa avenyu na watu wa nyumba kumi, na hili nalisisitiza kwa baba yeyote anayekaa mitaa kama yetu. Usiku huku watu wakisikia hatua nyingi na sauti za wanaume, wanapiga masufuria na firimbi, wanajua ni wezi. Sasa wanajua tukipita tutasema nini, na mlango gani utafunguliwa tukihitaji pa kupumzikia. Chini barabarani kuna dereva wa taksi anayelala karibu na gari lake. Tumekubaliana bei ya usiku mapema, na hela yake imewekwa kando.

Hela zilinisumbua kuliko mbao. Sote tunajua mama anaweza kujifungua salama kisha akabaki hospitalini na mtoto wake kwa sababu ya fakitiri, yaani bili ambayo haijalipwa. Sikutaka bibi yangu apitie hayo. Mutuele ya afya, bima ya kuchangiana, tulijiandikisha mapema, wakati wa kuandikisha ulipofunguliwa. Halafu katika likelemba yetu ya maseremala, ambako tunachanga hela na kupokea kwa zamu, niliomba zamu yangu isogezwe mwezi wa kujifungua. Mzee mmoja aliyekuwa ashike mwezi huo aliniachia, akasema, "Wewe ndiye unayengoja mgeni." Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Na damu. Mama akipoteza damu nyingi, hospitali itawageukia ndugu. Nilipima kundi langu, wadogo zangu nao wakapima, na tukakubaliana hakuna atakayekwenda kutoa damu sasa, kwa kuwa aliyetoa anangoja karibu miezi 3 kabla ya kutoa tena. Wakae tayari, wale vizuri.

Nyumbani kazi yangu kubwa ni maji. Asubuhi na mapema nashuka na bidoni na kupanda nazo. Mwanzoni akina mama kwenye bomba walinishangaa, maana huku mzigo wa maji umeachiwa wanawake hata wakiwa na mimba, jambo ambalo sitalielewa kamwe. Vidonge vya chuma vilikuwa vinamchafua moyo. Muuguzi akashauri avimeze usiku baada ya chakula na asivichanganye na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kwa hiyo chai tunakunywa saa kumi, jioni ni bugali, lengalenga au sombe (majani ya muhogo), na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anazozila na mifupa yake.

Mama mkwe hakupenda nguo za mtoto zinunuliwe kabla hajazaliwa. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, basi zikae kwako, wewe ndiye utakayezileta." Akakubali, na sasa flanela, kofia na vikwembe viko kwenye sanduku lake. Kikapu cha mama mwenyewe kiko kwetu: glavu, pamba, sabuni, beseni, nguo za kubadilisha, termosi, na fishi ya CPN juu kabisa.

Kipoyi hakikumngoja bibi yangu. Usiku mmoja wa mvua kubwa mama jirani, mimba yake ya tatu, alianza kutoka damu, na damu ni alama ambayo hatungoji kuhesabu uchungu. Mume wake alikuwa safarini. Tulimfunga kitini, tukashuka. Udongo ulikuwa unateleza, lakini kila mtu alijua pahali pake, na kwenye ile kona mtu wa tano alikuwa ameshashika mti kabla hatujamwita. Alifika, akahudumiwa, akajifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Nililia njiani nikirudi, na siwezi kuficha hilo. Kesho yake nilikiongezea kipoyi paa la shitingi (turubai la plastiki), nikanunua taa za kufunga kichwani kwa wawili wa mbele, na vijana wakapanga mawe kwenye sehemu mbili zilizotelezesha zaidi.

Bibi yangu ameingia wiki ya 38. Mimba ya kwanza uchungu wake mara nyingi ni mrefu, kwa hiyo tumekubaliana: ukija kila dakika 5 kwa saa nzima, tunashuka; chupa ikipasuka, kichwa kikimuuma sana na macho kufifia, au mtoto akiacha kucheza, tunashuka papo hapo. Kazi ya kupachika milango kule Walungu nimempa mwenzangu. Simu inaingia chaji kila umeme unaporudi.

Jirani wa juu alikuja juzi kuuliza kama kipoyi kitakuwa huru mwezi wa nne. Nimemwambia kitakuwa huru, ila Jumapili aje ajifunze kubeba.