Kampuni, filimbi na nyumba: nilivyopanga maisha yangu Lubumbashi

Jumamosi moja ya mwezi wa sita simu yangu ililia mara 27 ndani ya begi la viatu vya mwanangu. Sikuisikia hata mara moja. Nilikuwa kando ya uwanja wa udongo mwekundu kule Katuba, watoto ninaowafundisha mpira, wa chini ya miaka 13, wakiongoza kwa bao moja, nami napiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mpira ulipoisha ndipo nikajua kwamba duka la dawa linalotumia programu ya mauzo ya kampuni yangu lilikuwa limeuza asubuhi nzima kwa hasara.

Kwa msomaji wa mbali: huku kwetu mwenye duka ananunua mzigo kwa dola, mteja wake analipa faranga. Kwa hiyo kila asubuhi muuzaji anaingiza bei ya dola, na programu inapanga upya bei za rafu zote. Ijumaa usiku nilikuwa nimetuma marekebisho, nikaharibu sehemu hiyohiyo. Mashine ikang'ang'ania bei ya dola ya wiki iliyopita. Vijana wangu watatu wa kazi walikuwa bironi, yaani ofisini, na waliliona kosa mapema, lakini ufunguo wa kuingia kwenye seva, kompyuta inayoendesha programu, nilikuwa nao mimi peke yangu. Wakakaa, wakapiga simu, wakangoja.

Jioni nilitegemea mke wangu aanze na ule wimbo wa mpira kunila muda. Akaweka bukari, ugali wetu, mezani, akauliza, "Kama motokari ingekugonga leo, wale vijana wa biro wangefanya nini?" Sikuwa na jibu. Anatoka kwenye familia ya Lupopo, mimi ni mtu wa Mazembe, timu mbili pinzani za mji huu, na kwa kawaida hatukubaliani kirahisi.

Wiki mbili zilizofuata niliandika kila nilichokuwa nakifanya kwa mazoea: seva inawashwaje, nakala ya akiba inarudishwaje, nani aitwe kwanza. Kazi chafu, ya kuchosha. Ufunguo nikawapa wawili. Mwezi haukuisha, mmoja akafuta orodha nzima ya bidhaa za depo moja. Tulihangaika saa nne kuirudisha, na katika saa hizo nne nilitamani sana kumnyang'anya ule ufunguo. Nikajizuia. Hadi leo yeye ndiye anayeishika seva vizuri kuliko mimi.

Watu hupenda kusema kwamba mpira unafundisha uongozi. Kwangu mpira uliniumbua tu. Msaidizi wangu uwanjani ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, asiyesema sana. Siku moja aliniambia, "Coach, angalia vizuri. Kabla ya kutoa pasi, watoto wanakutazama wewe." Nikaangalia. Kweli! Mtoto anaupata mpira, shingo inageuka kwenye mstari kunitafuta, na mpinzani ameshafika. Nilikuwa nimewafundisha kunisikiliza mimi, si kuusoma mpira. Jumatatu nikafungua WhatsApp ya kazini, nikakuta shingo zilezile: nibadilishe rangi ya kitufe? Nimjibu huyu mteja? Nimpe risiti?

Tulianza kucheza wanne kwa wanne, magoli madogo ya mawe mawili, na mimi nimefunga mdomo. Mazoezi matatu ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. La nne, kipa wetu akaanza kuwapanga wenzake mwenyewe. Huyu kipa hakuwa amezaliwa Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Fainali tulipigwa 3-0 na Inter ya Milan, Italia, sawa, lakini mji huu haujasahau. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nilirudi nyumbani bila kiatu kimoja. Na mtoto huyu, akiokoa tu penalti, anakaa chini na kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe wa wakati ule. Nani alimfundisha, sijui.

Jambo la saa nalo lilinisumbua. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kikao na wateja wa huko cha saa kumi kwao ni saa kumi na moja kwetu, na hapo ndipo mazoezi ya Jumatano yamepamba moto. Kwa muda mrefu nilikuwa nahudhuria vikao kwa simu huku nimeshika filimbi, na sikuwa nafanya lolote kati ya hayo mawili. Nikaamua: Jumatano baada ya saa tisa na nusu sipatikani. Mteja mmoja mwenye maduka 11 hakupenda, akaondoka. Iliuma mfukoni. Miezi miwili sikujilipa mshahara.

Lakini lililonishinda zaidi lilikuwa nyumbani. Binti yangu mkubwa hapendi mpira hata kidogo. Yeye tumekubaliana Jumapili jioni, tunapika wawili, basi. Kwa kijana wetu nilijiona nimemaliza kazi, maana tuko pamoja uwanjani mara tatu kwa wiki. Siku moja nikamwambia mama yake hivyo, na yeye anasikia. Akasema bila hasira, "Papa, kule kwa mupira miye siko na papa. Niko na coach."

Jumamosi iliyofuata nikampa mwalimu filimbi na orodha ya wachezaji, nikaenda kukaa upande wa wazazi. Baridi ya asubuhi, vumbi, mke wangu pembeni na sweta lake la njano la Lupopo, makusudi kabisa. Kijana wetu alipopoteza mpira nikainuka na mdomo wazi. Mke wangu akanivuta koti.

"Kaa. Leo umekuja kuangalia."

Tukafungwa mawili. Njiani kurudi kijana aliniuliza kama niliiona ile pasi yake ya kipindi cha pili, ile ya mguu wa kushoto. Niliiona. Akataka nimweleze ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, nami nikamweleza mpaka tukafika nyumbani.