Joka chini ya kasri la waridi

Sijavua hata viatu, dada yangu akanipa kazi: Jumamosi utampeleka mtoto Disneyland, mimi nina zamu. Nikajaribu kujitetea. Mimi fundi mwashi, nimefika Ufaransa mara ya kwanza, ndiyo nikashangae jumba la hadithi za watoto? "Kaka, kalione kwanza, kusema utasema baadaye," akanijibu, akaendelea kukoroga uji.

Basi tukapanda treni ya RER A, mimi na mpwa wangu wa miaka 7, hadi mwisho wa reli, Marne-la-Vallée Chessy. Ni kama dakika 40 kutoka katikati ya Paris. Mvua ya rasharasha, mbingu kama jivu, na mimi miguuni nina raba za kitambaa. Dada alinionya, sikusikia.

Mvua ile ndiyo iliyonifunza jambo la kwanza. Kasri la Mrembo Aliyelala limepakwa rangi ya waridi, na si kwa ajili ya kuwafurahisha wasichana. Wabunifu walijua mbingu za huku siku nyingi huwa za kijivu. Jengo la rangi ya jiwe lingemezwa. Kweli, tulipotokea kwenye barabara kuu ya bustani, kila kitu kilikuwa kimefifia isipokuwa lile, na mapaa yake ya buluu yenye nakshi za dhahabu. Mpwa wangu akaninyooshea kidole juu: "Mjomba, ona konokono!" Nikakodoa macho. Kumbe kweli, konokono wa dhahabu wanapanda paa la mnara.

Kasri la kwanza la kampuni ya Disney lilifunguliwa California mwaka 1955. Kimo chake ni mita 23 tu, na sura yake wameiazima Neuschwanstein, kasri la Bavaria, Ujerumani, ambalo Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga mwaka 1869. Lakini ukija Ufaransa na kasri la kuigiza, unampelekea Mpemba karafuu. Wenyewe wanayo ya kweli, yamejaa mabondeni. Kwa hiyo hili la huku, lililofunguliwa Aprili 12, 1992, wakaliondoa kwenye historia na kulitia kwenye ndoto: minara imekwea kilima kama Mont Saint-Michel, kile kisiwa cha Ufaransa chenye abasia juu ya mwamba, na miti ya mlimani imekatwa ikawa ya pembe nne, mfano wa maboksi ya kijani. Hadithi yenyewe ilikuwa inarudi kwao; Charles Perrault aliichapisha kwa Kifaransa mwaka 1697. Hata hivyo wapo waliokasirika. Ariane Mnouchkine, mwongozaji wa tamthilia, aliiita bustani hii Chernobyl ya utamaduni, yaani balaa kama ule mlipuko wa kinu cha nyuklia. Mimi namwelewa, ila nadhani hakukaa sana kutazama ufundi.

Maana ufundi upo. Kimo ni kama mita 50, lakini ukisimama chini utaapa ni 100. Siri ni kwamba kadiri unavyopanda, vitu vinapunguzwa ukubwa, na jicho linadhani viko mbali. Marehemu baba alikuwa akisema tofali lililopunguzwa ni tofali la mwizi. Hapa wamepunguza makusudi, na aliyeibiwa anapiga picha.

Ndani, nguzo ni mashina ya miti, matawi yake yanatambaa hadi darini. Ghorofani kuna vioo vya rangi na mapazia ya kufumwa yanayosimulia hadithi. Nikawa nakagua viungo vya ukuta, ndipo nikasikia mtu anakoroma. Nikageuka kumtafuta. Ni askari wa deraya, amelala pale pale zamuni, kifua kinapanda na kushuka, amepatwa na usingizi ule ule wa binti mfalme. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Kisha tukashuka chini, na kicheko kikaisha. Chini ya kasri kuna pango la giza, maji yanadondoka, na katikati ya maji amelala joka wa zaidi ya mita 20, amefungwa mnyororo shingoni. Kwanza unaona mgongo tu, unadhani ni mwamba. Halafu mkia unajivuta. Jicho likafunguka, kichwa kikainuka, moshi ukamtoka puani, na mngurumo ukanipita kwenye nyayo zilizolowa. Mtoto aliyeshikwa mkono mle ndani, wallahi, alikuwa mimi. Mwenzangu akajisogeza hadi kwenye ukingo, akamchunguza kwa utulivu.

Tulirudi pangoni mara tatu. Zile foleni za michezo mingine sikuzitamani.

Usiku kwenye treni nilidhani amelala begani kwangu, mara akafumbua jicho moja.

"Mjomba, wakifunga geti, joka wanamfungua mnyororo?"

Nikamwambia sidhani. Akanyamaza hadi kituo chetu, amenuna, kana kwamba aliyemfunga ni mimi.