Vijana Wanne Katika Shule ya Mfalme

Tafakari ya juma
Masomo: Danieli 1, Yeremia 29:1–11, Danieli 9:1–3

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi huu wa tano simu za wazazi wa ushirika wetu hapa Louisville hazitulii. Kila jioni shule zinatuma habari: orodha ya heshima ya muhula, tuzo za mahudhurio, timu ya riadha, maonyesho ya sayansi, waliochaguliwa kwenda programu ya Governor's Scholars kiangazi, tarehe ya mahafali na idadi ya tiketi kwa kila familia. Zilinyamaza kidogo ile Ijumaa ya kuamkia Derby, maana siku hiyo shule hufungwa na mji mzima unawaza farasi. Sasa zimerudi kwa kasi. Wilaya ya shule za umma ya Jefferson County ina wanafunzi zaidi ya 90,000, ndiyo kubwa kuliko zote Kentucky, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi majumbani mwa watoto wake ukiacha Kiingereza na Kihispania. Watoto wetu si wageni wachache walioketi pembeni. Wamo kwenye orodha hizo.

Linalonisumbua ni tunavyozipokea habari hizo tukiwa kanisani. Mtoto akiimba vizuri kwaya, vigelegele hadi barabarani. Mtoto huyo huyo akipata 5, alama ya juu kabisa, katika mtihani wa kemia wa AP, yaani somo la ngazi ya chuo linalofundishwa sekondari, tunaambiana kule maegesho, tena kwa sauti ya chini, kama vile ni mambo ya dunia yasiyofaa kuingia ibadani. Tunamwomba Mungu kabla ya mtihani, matokeo yakija tunayaacha nje ya mlango.

Someni Danieli 1:17. Neno linasema kwamba kwa habari za vijana wale wanne, "Mungu aliwapa maarifa na ujuzi katika elimu na hekima." Elimu ipi? Aya ya 4 imeshatuambia: elimu ya Wakaldayo na lugha yao. Hawakupelekwa shule ya Biblia. Walipelekwa kusomea utumishi wa serikali ya mfalme aliyeuzingira mji wao na kuchukua vyombo vya hekalu. Kijana wa Yerusalemu aliyezoea herufi 22 za Kiebrania alikutana na mwandiko wa alama mamia kwa mamia, zinazochapwa kwa kipande cha tete kwenye udongo mbichi. Hesabu za Babeli zilikwenda kwa msingi wa 60, na ndiyo maana mpaka leo saa ina dakika 60. Humo humo mlikuwa na hadithi za miungu yao na kusoma nyota na ishara za mbinguni. Miaka mitatu ya masomo ya namna hiyo! Na Biblia haioni haya kusema kwamba aliyewapa kuyaelewa ni Mungu wa Israeli.

Baadhi ya vijana wetu walianza shule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wakifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Wakafika hapa wakiwa na miaka kumi na mitano, wakawekewa mbele kitabu cha historia ya Marekani kwa Kiingereza. Wilaya ina shule maalumu ya kuwapokea wanaoanza hivyo, Newcomer Academy, lakini hata huko kitabu hakijisomi chenyewe. Kijana wa aina hiyo akitajwa leo kwenye habari za shule, sisi tunaojua alikotoka ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kusema nani amempa.

Angalieni pia Danieli alikataa nini. Alikataa chakula cha mfalme na divai yake. Masomo hakuyakataa. Hata jina la Belteshaza alilobandikwa, hatusomi kwamba aligombana na mtu juu yake. Na hilo moja alilolikataa, alilikataa kwa adabu: alimwendea msimamizi, akaomba wajaribiwe siku kumi, akakubali matokeo yapimwe machoni pa watu. Wengine wetu tumegeuza. Tunamkataza mtoto klabu ya roboti kwa kuwa inakutana Jumatano, siku ya maombi, lakini hatuna habari na kinachomlisha kwenye simu saa sita usiku. Danieli angeuliza kwanza juu ya meza, yaani kitu kinachoingia ndani ya mtu kila siku bila kutangazwa. Kuhusu klabu ya roboti angeongea na mwalimu wabadilishe siku, au angeongea na mchungaji. Mimi nimeona wachungaji wanaoweza kubadilisha siku.

Miaka mitatu ilipokwisha, vijana waliingizwa mbele ya Nebukadreza, na aya ya 19 inasema mfalme akazungumza nao. Mtihani wa mdomo! Hilo lilinijia mwaka jana nilipoalikwa kuketi nyuma ya darasa shule moja ya msingi. Mwaka 2018 wilaya yetu ilianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi wa darasa la 5, la 8 na la 12 asimame mbele ya walimu na wageni, aonyeshe kazi zake, aeleze kwa nini yuko tayari kuvuka. Binti mmoja wa ushirika wetu, wa darasa la 5, aliweka kwenye skrini aya mbili alizoandika kuhusu jambo lile lile, moja ya mwezi wa tisa na nyingine ya mwezi wa nne. Ya kwanza ilikuwa mistari mitatu, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika kama abiria wa daladala. Ya pili ilijaza ukurasa. Mwalimu akamwuliza, nini kilikuwa kigumu zaidi? Nilidhani atasema tahajia. Akasema, "Kuuliza swali wenzangu wakisikia."

Baba yake alikuwa ameketi karibu nami, ametoka moja kwa moja zamu ya usiku Worldport, kule mizigo ya UPS inakopakuliwa uwanja wa ndege, bado amevaa fulana ya kung'aa. Macho mekundu. Kiingereza hakipandi sana, lakini wilaya ilikuwa imemletea mkalimani, na jibu lile lilipotafsiriwa baba aliinamisha kichwa akalirudia kwa Kiswahili kama anayehifadhi mstari wa Zaburi. Sijui kama yumo kwenye orodha yoyote, yule binti. Sikuuliza.

Hapa niseme jambo la kivitendo, maana tafakari isiyogusa miguu huishia hewani. Mzazi una haki ya mkalimani bila malipo kwenye mikutano ya shule. Si hisani ya mwalimu mkuu. Shule inayopokea fedha za serikali kuu lazima iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, na tangu mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco, iliamua kwamba kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani bila kumsaidia si kumpa nafasi sawa. Ombeni mkalimani mapema, kabla ya siku ya mkutano. Na tafadhali, mtoto asitafsiri mkutano unaomhusu yeye mwenyewe. Hata malaika angeshawishika kupunguza kidogo. "Mwalimu anasema naendelea vizuri" ni tafsiri tunayoijua sote.

Kuna tuzo nyingine ambayo wazazi wetu wengi hawajaisikia. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2011 ya kumpa mhuri kwenye cheti mhitimu wa sekondari anayeweza kusoma na kuandika vizuri lugha mbili, na jambo hilo limeenea nchi nzima. Kiswahili kimo. Upo mtihani wa Kiswahili unaokubalika kwa ajili hiyo. Kijana anayesimama Jumapili kusoma somo kwa Kiswahili, anayeandika matangazo ya vijana, anayemsomea bibi yake barua, amekuwa akijiandaa kwa tuzo ya shule bila kujua. Wako wazazi waliopiga marufuku Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kiingie haraka. Nawaelewa, hofu ni kubwa. Lakini kitabu chenyewe cha Danieli kimeandikwa kwa lugha mbili: kinaanza kwa Kiebrania, kwenye aya ya 4 ya sura ya 2 kinaingia Kiaramu hadi mwisho wa sura ya 7, kisha kinarudi Kiebrania. Lugha ya mezani kwa mama haikumzuia Danieli kuongea na wafalme. Mwambieni mshauri wa masomo shuleni kwamba mtoto anataka kufanya mtihani huo, na mwambieni sasa, msingoje mwaka wa mwisho.

Sasa nije kwa wale ambao simu zao zimelia bila jina la mtoto wao kuwemo.

Aya ya 6 inasema "katika hao" walikuwapo Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Katika hao. Walikuwapo na wengine, vijana wazuri, wa familia nzuri, waliochaguliwa kwa vigezo vile vile na kusoma miaka ile ile mitatu. Aya ya 19 inasema kati yao wote hakuonekana mmoja kama wale wanne, na sura inaendelea na safari yake. Majina ya wengine hatunayo. Na nje ya jumba la mfalme walikuwako maelfu ya mateka ambao hakuna aliyewaita kwenye shule yoyote.

Hao ndio walioandikiwa barua ya Yeremia 29. Mnaijua aya ya 11, maana kila msimu wa mahafali tunaiandika kwenye kadi, tunaitia kwenye bahasha pamoja na dola ishirini: Bwana anajua mawazo anayotuwazia, ya amani wala si ya mabaya. Ni aya tamu, na sitaki kumnyang'anya mhitimu kadi yake. Ila tusome na aya ya 10 iliyo juu yake: miaka sabini. Barua ile ilikwenda kwa watu walioambiwa hawatarudi karibuni, wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule. Haikuandikwa kwa walioshika nafasi ya kwanza. Basi mwaka huu mwandikieni aya hiyo na yule aliyepata C tatu na anarudia hesabu kiangazi. Inamhusu zaidi.

Hata Kentucky haihesabu walio juu peke yao. Ile fedha ya chuo iitwayo KEES, ambayo mwanafunzi anayetimiza masharti hujilimbikizia mwaka kwa mwaka akiwa sekondari, huanzia wastani wa alama wa 2.5 kwenye kipimo cha 4.0. Wastani huo humpa dola 125 kwa mwaka wa masomo, na 4.0 humpa 500. Inatokana na bahati nasibu ya jimbo, na mjadala huo mtanisamehe tuuache leo. Ninachosema ni kwamba kama serikali inaona cha kuhesabu kwa mtoto wa 2.5, mzazi aliyemwombea tangu kambini asishindwe kukiona.

Na ninyi ambao majina ya watoto wenu yametajwa, msiyafiche kwa kuogopa wivu, wala msiyapige kama tarumbeta. Warumi 12:15 inatuagiza kufurahi pamoja na wafurahio kabla haijasema habari ya kulia. Kulia tunajua, tumepata mazoezi mengi, na mtu wa msibani hatumwachi peke yake. Kufurahia mtoto wa jirani aliyepata nafasi chuo ambacho wako amekosa, hapo ndipo Roho Mtakatifu ana kazi na sisi.

Elimu ile ilimfikisha wapi Danieli? Mnakumbuka ndoto, maandiko ya ukutani, tundu la simba. Mimi mwaka huu nimekaa zaidi kwenye sura ya 9. Danieli ni mzee sasa, Babeli imeanguka, yuko Dario. Naye anasema alifahamu hesabu ya ile miaka sabini "kwa kuvisoma vitabu." Yule kijana aliyetahiniwa mbele ya Nebukadreza, uzeeni ameketi anasoma maandiko ya Yeremia mwenyewe, anapiga hesabu, kisha anavaa magunia na kuanza kuomba toba kwa ajili ya watu wake wote, waliosoma na wasiosoma. Akili iliyonolewa kwenye shule ya mfalme ndiyo aliyoitumia kumsoma nabii. Nikiona kijana wetu wa darasa la 12 anajaza fomu za chuo, naomba apate chuo, kweli, na apate na ufadhili. Halafu namwomba Mungu ampe kufika miaka themanini akiwa bado anasoma hivyo, bado anaomba hivyo kwa ajili yetu.

Jumapili hii, baada ya matangazo, watoto na vijana wote wapite mbele na karatasi zao. Cheti, medali, barua ya chuo, na hata ile ripoti iliyofichwa chini ya godoro. Wazee watawawekea mikono wote kwa sala moja, bila kusoma alama. Wazazi mnaotoka zamu ya usiku, njooni na nguo za kazi, tutawapa viti vya mbele. Na kwa kuwa mahafali ni mwishoni mwa mwezi na si kila familia ina gari, mwenye nafasi ya kubeba watu na anayehitaji usafiri wamwone katibu wa ushirika kabla ya Jumatano, saa za maombi.